Jumamosi ndege tele, Jumapili hakuna hata wa dawa: wamekwenda wapi usiku mmoja?

#1 Mama Kware
Wakuu, salaam. Nina swali limenikaa kichwani tangu mwisho wa wiki.

Kundi letu tulitoka siku zote mbili kuangalia ndege wa majira ya kuchipua, wale wanaorudi Ulaya kutoka Afrika. Njia ni ileile kila mwaka: tunaanzia kwenye matete kando ya ziwa, tunapanda kilima chenye miti mirefu, tunamalizia uwandani. Jumamosi manyunyu yalikuwa yamekatika muda mfupi kabla ya mapambazuko. Tulipofika ukingoni vichaka vilikuwa vinatikisika vyenyewe. Ndege wadogo wa kijani na manjano, na madume ya jamii nyingine yenye kifua cha rangi ya chungwa na mkia unaotetemeka, wote wamejaa chini kabisa, usawa wa magoti, wanadonoa bila kutujali. Mmoja aliokota kiwavi mbele ya kiatu cha mwenzetu, akampigapiga kwenye jiwe mpaka akalegea, akammeza, akaendelea na shughuli zake. Darubini zilining'inia shingoni tu.

Jumapili anga safi, hewa tulivu, saa ileile. Tukakuta wenyeji: shomoro, kunguru, bata wa ziwani. Wale wapita njia hakuna hata wa dawa.

Je, waliondoka wote usiku mmoja? Au walikuwepo tukashindwa kuwaona? Na kama waliondoka, mbona wengine hawakushuka kuziba nafasi, na huu ndio msimu wenyewe?

#2 KijanaWaZiwani
Wameondoka mama. Anga safi, upepo wa kusini, nani alale? Uzi ufungwe.

#3 Mhesabu
Taratibu kijana, hata chai haijapoa unafunga uzi. Mama Kware hakutaja upepo wa kusini popote, umeuleta wewe. Amesema hewa tulivu.

Mama, upepo wa usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili ulikuwa wa upande gani? Na mawingu yalifunguka saa ngapi?

#4 Mama Kware
@Mhesabu mawingu yalifunguka Jumamosi alasiri. Jioni nilitoka nje nikaona nyota. Upepo ulikuwa mwepesi na wa vuguvugu, naamini ulitoka kusini-magharibi ila sikuupima.

#5 Mzee wa Alfajiri
Basi kijana hakuwa mbali na ukweli, ingawa alifika bila kuonyesha njia.

Ndege wengi wadogo wanaohama husafiri usiku. Mchana wanakula, jua likizama wanatulia kidogo, na kati ya nusu saa na saa moja baadaye wanapaa. Usiku hewa ni ya baridi na haina misukosuko, vipanga na kozi wamelala, na nyota zinaonekana. Katika miaka ya 1960 Stephen Emlen aliwaweka ndege wadogo wa Amerika wa jamii ya Passerina ndani ya jumba la kuonyeshea nyota za bandia, kila mmoja kwenye faneli ya karatasi yenye kidau cha wino chini. Ndege akirukaruka kutaka kuondoka, miguu inaacha alama za wino upande anaoutaka. Msimu wa kuchipua alama zilielekea kaskazini. Alipozigeuza nyota za dari, na alama zikageuka.

Sasa chukua ndege aliyeshushwa na mvua Ijumaa usiku. Kutwa ya Jumamosi amekula. Jioni anga limefunguka, upepo unamsukuma mgongoni. Atabaki anangoja nini? Kwa usiku mmoja wa namna hiyo, kilomita 200 hadi 300 ni safari ya kawaida. Mlipokuwa mnafunga viatu Jumapili alfajiri, hao wa Jumamosi walikuwa wanashuka kwenye vichaka vya watu wengine.

#6 Mama Kware
Asante mzee. Hapo nimeelewa kuondoka. Bado la pili: waliotoka kusini usiku huohuo, mbona hawakushuka kwetu?

#7 Upepo wa Kusi
Kwa sababu hawakuwa na haja ya kushuka kwenu. Mimi naona wote mnaihangaikia Jumapili, wakati siku ya ajabu ni Jumamosi.

Usiku wa anga safi na upepo wa nyuma, ndege wanapita juu kwa maelfu na kutawanyika kila mahali kunakopambazuka. Mtu aliye chini anaona mmoja hapa, mmoja pale. Ili wajae kwenye kichaka kimoja lazima kitu kiwazuie: mvua, ukungu, au upepo uliogeuka na kuwapiga usoni. Nendeni mkasikilize wanaokaa pwani ya Texas. Ndege wanaotoka Yucatán wanavuka Ghuba ya Meksiko, karibu kilomita 1,000 za maji matupu, bila kutua. Hali ikiwa nzuri wanapita juu ya pwani na kwenda kutua ndani kabisa ya nchi kavu, na pale High Island waangalizi wanabaki wanatazamana. Ikiwakuta mvua na upepo wa kaskazini, wanaanguka kwenye miti ya kwanza wanayoiona, wengine kwenye mchanga, wamechoka kiasi cha kutoweza kuruka.

Kwa hiyo siku nzuri kwa ndege ni siku mbaya kwetu. Tukumbuke hilo tunaposhangilia vichaka vilivyojaa: wengi wa wale walikuwa taabani.

#8 Bi Shomoro
Napinga kidogo kaka Upepo. Ulivyosema ni kweli kwa High Island, si kwa kila mahali. Kwetu siku bora ni zile za asubuhi safi baada ya usiku wa joto na upepo wa kusini, na mvua ikinyesha hatupati kitu. Sisi tuko mbele ya maji makubwa, upande wa kusini. Ndege akifika hapo kunapambazuka na mbele anaona ziwa lisilo na mwisho, anasita, anashuka ale kwanza. Magee Marsh kule Ohio panajaa kwa sababu hiyohiyo, Ziwa Erie liko mbele yao. Point Pelee iko upande wa pili wa ziwa lilelile, nayo inawapokea waliolazimika kumalizia safari juu ya maji wakaona ncha ya nchi kavu.

Mama Kware, njia yenu iko upande gani wa ziwa?

#9 Mama Kware
Kaskazini. Maji yako nyuma yetu tukitazama wanakokwenda.

#10 Bi Shomoro
Ahaa. Basi nyinyi ni Pelee na sisi ni Magee. Aliyevuka salama usiku wa anga safi hana sababu ya kushuka ukingoni kwenu, atasonga mbele.

#11 Mhesabu
Dada, Erie ni bahari ndogo. Mama Kware, ziwa lenu lina upana gani?

#12 Mama Kware
Mtu anaona ng'ambo bila darubini.

#13 Mhesabu
Basi ndege anayeruka mita mia kadhaa juu analiona lote kwa jicho moja. Sidhani ziwa la namna hiyo linamsitisha mtu aliyetoka kuvuka Sahara na Mediterania. Nadharia ya maji naiweka pembeni kwa sasa.

#14 Jongoo wa Mlimani
Na mwezi je? Kwetu wazee wanasema ndege wanangoja mwezi mpevu ndiyo wasafiri. Angalieni kalenda, msishangae kukuta Jumamosi ilikuwa karibu na mbalamwezi.

#15 Mzee wa Alfajiri
Mkuu Jongoo, kwa ndege hawa wadogo naona sivyo. Wanasafiri mwezi ukiwepo na usipokuwepo. Angalia Ngulia, kule Tsavo Magharibi, Kenya. Tangu 1969 watu wanakusanyika pale kuvisha ndege wahamaji pete za miguuni za kuwatambulisha, na wanachagua usiku usio na mwezi, kwenye ukungu. Taa za hoteli zikiwaka ndani ya ukungu, ndege waliokuwa wanapita juu ya giza wanashuka kwa wingi. Mwezi ukiwa angani taa zile hazina nguvu hiyo.

#16 Mpenda Matete
Ngulia nimefika mzee, na unayoyasema ni ya Novemba na Desemba, ndege wanapokwenda kusini. Sisi tunazungumzia kurudi. Ila hoja yako ya ukungu na taa inasimama.

Na Jongoo asipuuzwe moja kwa moja. Mpasuasanda wa Ulaya, yule ndege wa usiku anayelala chini akafanana na majani makavu, hula vizuri usiku wenye mbalamwezi kwa sababu anawaona wadudu. Wakifuatiliwa kwa vifaa vidogo mgongoni, safari zao zimeonekana kufuata mzunguko wa mwezi: wanashiba kwenye mbalamwezi, wanaondoka siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo wazee wa Jongoo huenda walikuwa wanamtazama ndege mwingine.

#17 Jongoo wa Mlimani
Nimepata walau pointi moja. Nawashukuru.

#18 Taa Zimeni
Mmegusa taa, ngoja niingie hapo. Mama Kware, kuna jengo lolote lenye mwanga mkali karibu na ziwa lenu? Ijumaa usiku kulikuwa na manyunyu na mawingu ya chini. Mwanga ukigonga mawingu hayo, anga lote la juu yenu linang'aa na ndege wanavutwa. Jumamosi usiku anga safi, mvuto umekwisha.

Jambo hili nalichukulia kwa uzito sana. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2023 ndege karibu 1,000 walikufa kwa kugonga vioo vya jengo moja tu Chicago, McCormick Place. Mwaka uliofuata vioo vile vilibandikwa utando wenye madoa madogomadogo na vifo vikashuka mno. Dawa ipo na ni rahisi: zima taa, weka alama kwenye kioo. Msimu wa kuchipua ukianza mimi napita mlango kwa mlango kuwaomba majirani wazime taa za nje kuanzia saa tano usiku.

#19 Mama Kware
@Taa Zimeni kuna uwanja wa michezo ng'ambo ya ziwa. Taa zake huwaka Ijumaa. Sikuwahi kuufikiria.

#20 KijanaWaZiwani
Loo, kesi imepata mshukiwa mpya.

#21 Mkaguzi
Wakuu, nimesoma kuanzia juu mpaka hapa na kila mtu amekubali kwamba ndege hawakuwepo Jumapili. Nani kathibitisha?

Jumamosi kulikuwa na baridi na unyevu. Wadudu hawaruki kwenye baridi, wanabaki chini, kwenye nyasi na mawe, ndiyo maana ndege walikuwa usawa wa magoti. Yule wa mkia unaotetemeka kwa kawaida anaishi kwenye miti mikubwa na anataga kwenye mashimo ya miti. Mkimwona anadonoa mbele ya kiatu, jua njaa imemshusha. Jumapili jua limetoka, wadudu wamepanda kwenye ncha za matawi ambako majani machanga yanafunguka na viwavi wapo, na ndege wamewafuata. Ndege mwenye uzito wa gramu 10, mita 20 juu yako, ndani ya majani, kwenye mwanga unaokupiga machoni: unampita na huna habari.

Nadhani mlikwenda Jumapili mkitazama mahali pa Jumamosi.

#22 Mama Kware
Mkaguzi, umenigusa. Kwenye kile kilima mwenzetu mmoja mwenye masikio mazuri alisimama akasema kuna kitu kinalia juu, sauti nyembamba kama ya bawaba kavu. Tulitazama juu mpaka shingo zikauma. Hatukuona kitu, tukaondoka.

#23 Mkaguzi
Na hakuandikwa kwenye orodha, sivyo?

#24 Mama Kware
Hakuandikwa. Tunaandika tuliowatambua tu.

#25 Mhesabu
Hapa namuunga mkono Mkaguzi kwa nusu. Juu ya miti wangekuwepo baadhi, lakini Mama Kware anasimulia vichaka vilivyotikisika. Idadi ile ikihamia juu ya miti, mtu angesikia zogo. Msimu wa kuchipua madume wanaimba, na asubuhi yenye jua na hewa tulivu ndiyo wanaimba zaidi. Kimya cha Jumapili kinanielekeza kwenye kuondoka.

#26 Mkaguzi
Wapita njia hawaimbi wote. Wengine wanakula tu, kwao bado mbali. Na mlifika saa ngapi? Uimbaji mkubwa ni kabla jua halijatoka. Wenye macho makubwa huanza gizani, wengine wanafuata mwanga unapoongezeka. Ukifika saa mbili asubuhi, umekuta wanakula.

#27 Mama Kware
Siku zote mbili tulifika saa kumi na mbili na nusu.

#28 Mvisha Pete
Habari zenu. Huwa nasoma tu, leo naomba nichangie upande wa mafuta, maana naona mnadhani ndege akitaka kuondoka anaondoka.

Ukimshika ndege mkononi, unapuliza manyoya ya kifua yatengane. Ngozi yake ni nyembamba, unaona ndani. Kwenye kibonyeo kati ya koo na kifua, ndege aliyeshiba ana mafuta ya manjano yaliyojaa hadi kufura. Aliyekwisha pametupu, pekundu, na mfupa wa kifua unachomoza kama wembe. Kwenye wavu mmoja, asubuhi moja, jamii moja, unapata wote wawili. Yule wa mafuta ataondoka usiku huohuo anga likiruhusu. Yule mtupu hawezi, atabaki siku kadhaa mpaka ajaze.

Kwa hiyo walioanguka Jumamosi wamechoka vile, kuondoka wote kwa usiku mmoja mimi naona vigumu kukubali. Wengi wao walihitaji siku mbili tatu zaidi. Wako mahali karibu. Pengine wametoka ukingoni, ambako kila mtu alikimbilia na chakula kikaisha, wakaingia kilomita moja mbili ndani ambako kuna miti na wadudu.

#29 Upepo wa Kusi
Hii imeniweka sawa. Naongeza tu kwamba ndege waliosukumwa na upepo usiku huonekana asubuhi wakijirekebisha, wanaruka kutoka kichaka hadi kichaka kurudi kwenye mstari wao au kutafuta pazuri zaidi. Saa moja baada ya jua kuchomoza ukingo unaweza kuwa umejimwaga wote.

#30 KijanaWaZiwani
Kwa hiyo mna nadharia ya kuondoka, ya kupita juu, ya taa, ya kupanda mtini, na ya kuhamia jirani. Mimi bado nina yangu ya #2.

Lakini swali: hawa wana haraka gani? Nimesoma kuna mmoja wa gramu 25 anayekwenda kilomita 30,000 kwa safari moja kutoka Afrika Mashariki mpaka Alaska.

#31 Mhesabu
Kijana, 30,000 ni kwenda na kurudi. Safari moja ni takriban 14,500. Huyo ni Oenanthe oenanthe, wa mgongo wa kijivu na kiuno cheupe. Matokeo ya ufuatiliaji yalitoka 2012. Na haraka ipo kweli: kushuka kusini waliofuatiliwa walitumia kama miezi mitatu, kurudi kaskazini chini ya miezi miwili.

Sababu ni eneo. Dume anayewahi anachukua mahali pazuri pa kutaga. Kwa jamii nyingi madume hutangulia na majike hufuata baadaye.

#32 Bi Shomoro
Na kiwavi. Msituni kipindi cha viwavi kujaa ni kifupi sana, na makinda yanatakiwa yawe kiotani wakati huo. Joto linapopanda mapema, miti inachipua mapema, viwavi wanawahi, na ndege aliye Afrika hana habari. Uholanzi, Christiaan Both na Marcel Visser walionyesha hilo mwaka 2001 kwa wale weusi na weupe wanaokamata wadudu hewani: wameanza kutaga mapema zaidi, ila tarehe ya kuwasili haijasogea vya kutosha. Mwenzenu nikiona msitu umekwisha kuwa kijani kibichi na wao hawajafika, moyo unaniuma kabisa.

#33 Kusini Kwetu
Wakuu, mimi niko huku wanakotokea, karibu na ikweta. Naomba kuongeza upande wetu, maana mnazungumza kana kwamba wanazaliwa mawinguni.

Mwezi wa Machi tunawaona wanabadilika. Mbayuwayu wanakusanyika kwenye nyaya, manyoya mapya yanang'aa. Keremkerem wa Ulaya wanapita juu kwa makundi, unawasikia kabla hujawaona. Phylloscopus trochilus, huyo wa kijani na manjano wa Mama Kware, anaanza kuimba kwenye migunga huku bado yuko ugenini. Siku moja unaamka miti iko kimya. Kwa hiyo swali la Mama Kware nasi tunalo, la kwetu ni Aprili.

Na wapo wanaopita njia ambazo huwezi kuamini. Kekeo mmoja aliyewekewa kifaa Mongolia, anaitwa Onon, mwaka 2020 aliondoka Zambia mwezi Machi, akapita Kenya na Somalia, akavuka Bahari ya Hindi mpaka India, akafika Mongolia mwezi Mei. Zaidi ya kilomita 12,000.

#34 Jongoo wa Mlimani
Hapo sasa ndipo pananichanganya. Kaskazini siku zinarefuka, anajua. Kwenye ikweta siku ni zilezile saa kumi na mbili. Huyo wa migungani anaambiwa na nani kwamba kaskazini kumechipua?

#35 Mzee wa Alfajiri
Urefu wa siku. Katika miaka ya 1920 William Rowan, huko Alberta, aliweka ndege wadogo kwenye vizimba vya nje katikati ya baridi kali na kila jioni akawaongezea mwanga wa taa kidogokidogo. Viungo vya uzazi vikakua kama msimu wa kuchipua umefika, na nje barafu. Joto halikuwa na kazi hapo, mwanga ndio uliowaamsha.

#36 Mpenda Matete
Mzee, Jongoo anauliza wa ikweta, wewe unamjibu wa Alberta. Kwa hao wa ikweta Eberhard Gwinner wa Ujerumani ndiye mwenye jibu la karibu. Aliwafungia ndege wa jamii hiyohiyo ya Phylloscopus trochilus kwenye mwanga na joto visivyobadilika, na msimu ulipofika walianza kurukaruka usiku, tayari kwa safari. Kalenda wanayo ndani ya mwili.

#37 Mzee wa Alfajiri
Kalenda ya ndani bila kitu cha kuirekebisha huteleza, na wa Gwinner waliteleza. Lazima pawe na kitu cha nje. Mwanga unabaki mshukiwa mkuu hata huko ikweta, kwa mabadiliko madogo tusiyoyahisi sisi.

#38 Mpenda Matete
Au mvua. Masika inapoanza Afrika Mashariki wadudu wanajaa, wananona, wanaondoka.

#39 Kusini Kwetu
Masika ikichelewa wao bado wanaondoka, nimeliona hilo. Wanaondoka wembamba labda, lakini wanaondoka.

#40 Darubini Kuukuu
Samahani nitoke nje ya mada kidogo. Mwishoni mwa Mei kila mwaka, kwenye matete yetu hapa Ulaya, programu ya Merlin, ile ya simu inayotambua ndege kwa sauti, inaniambia kuna ndege wa Afrika. Dakika hiihii mbayuwayu, dakika ijayo keremkerem, halafu jina la ndege ambaye hajawahi kuonekana bara hili. Simu imeharibika?

#41 KijanaWaZiwani
Imekumbuka nyumbani.

#42 Mpenda Matete
Simu iko sawa mkuu, na umenipa furaha ya wiki! Huyo ni Acrocephalus palustris, ndege mdogo wa kahawia wa kwenye matete na nyasi ndefu, asiye na alama yoyote ya kumtambulisha. Wimbo wake wote ni wa kuiga wengine. Françoise Dowsett-Lemaire alichambua nyimbo zao Ubelgiji akachapisha 1979: kwa wastani dume mmoja huiga jamii zaidi ya 70 za ndege, na zaidi ya nusu ni za Afrika, alizozisikia mwaka wake wa kwanza safarini na huko kusini. Ukimsikiliza vizuri unasikia njia nzima aliyopita. Na kule Ngulia ni mmoja wa wanaoshikwa kwa wingi zaidi.

Kwezi wa Ulaya naye anaiga, ila huyu amempita. Usimwandike ndege wa Afrika kwenye eBird, ule mtandao wa kumbukumbu za ndege, tafadhali.

#43 Darubini Kuukuu
Asante sana. Nitamrekodi.

#44 KijanaWaZiwani
Tukirudi kwa Mama Kware: si tuwapigie sauti kwenye spika? Wakijibu, wapo juu ya miti. Wakinyamaza, wameondoka. Kesi kwisha.

#45 Mvisha Pete
Hapana kijana, hilo usilifanye. Msimu huu kila dume analinda eneo. Ukimpigia sauti anaacha kula anakuja kupigana na mtu asiyekuwepo. Mpita njia aliyekonda ndiye anayeumia zaidi. Na asipojibu hujathibitisha lolote, Mkaguzi amekwisha sema wengi hawaimbi njiani.

#46 KijanaWaZiwani
Nimekusoma dada, spika inabaki nyumbani.

#47 Upepo wa Kusi
Mtu angekuwa na rada tusingebishana hivi. Marekani wana BirdCast: inasoma rada za hali ya hewa na kuonyesha ndege wangapi walipita usiku, na inatoa utabiri wa siku tatu mbele. Ukiona usiku wa Jumamosi wingu la ndege linapaa baada ya machweo, unajua waliondoka. Ukiona wengi walipita juu wasishuke, unajua pia.

#48 Mkaguzi
Rada itakuambia waliopaa, haitakuambia waliobaki juu ya mti wa kilimani.

#49 Bi Shomoro
Na mchana je? Mama Kware, Jumapili mlimaliza saa ngapi? Jua la namna hiyo ndilo la ndege wakubwa: korongo weupe, mwewe, tai. Hao hawasafiri usiku, wanangoja ardhi ipate joto hewa ianze kupanda, wanazunguka nayo mpaka juu kabisa, halafu wanateleza. Ndiyo sababu wanabanana kwenye milangobahari ya Gibraltar na Bosporus: juu ya maji hewa haiwapandishi, wanatafuta pembamba. Gibraltar bahari ina kilomita 14 tu.

#50 Mama Kware
Saa tatu na nusu tulikuwa tumekwisha tawanyika. Tulikata tamaa.

#51 Bi Shomoro
Basi hiyo Jumapili isiandikwe kuwa tupu. Iliisha kabla haijaanza.

#52 Mhesabu
Napendekeza hivi kwa mwisho wa wiki ujao. Tugawane: mmoja ukingoni, mmoja kilimani akiwa amelala chali akitazama juu, mmoja kilomita moja ndani. Saa moja, muda uleule, siku zote mbili. Kila ndege aandikwe na urefu aliokuwapo, hata asiyetambuliwa aandikwe "mdogo, juu, hajulikani". Upepo na mawingu ya saa tatu usiku navyo viandikwe, na kama taa za uwanja ziliwaka.

#53 Taa Zimeni
Nitaongea na wenye uwanja kuhusu Ijumaa. Wakikubali kuzima mapema nitawaambieni hapa.

#54 Mkaguzi
Ukizima taa na hali ya hewa ikabadilika pamoja, hutajua kipi kimefanya nini.

#55 Taa Zimeni
Mkuu, bado nataka zizimwe.

#56 Mama Kware
Na mimi pia. Kilimani nakwenda mwenyewe na yule mwenzetu mwenye masikio. Safari hii akisikia kitu hatuondoki. Nani anachukua kule ndani?

#57 KijanaWaZiwani
Mimi. Nakuja na mkeka.